Kijiji Kikuu na Minara Yake: Ushindani wa Kujenga Kumbukumbu na Historia ya Dodoma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza dhana ya ushindani wa kujenga minara na majengo ya kumbukumbu, kisha kuitumia dhana hiyo kuusoma mji wa Dodoma tangu ulipoteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973. Mpango wa kwanza wa mji huo ulitayarishwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, chini ya Macklin Hancock. Mpango huo ulikuwa na sifa isiyo ya kawaida: uliukataa ushindani huo waziwazi. Waliouandika waliitazama miji mikuu mingine iliyobuniwa upya katika karne ya ishirini, kama vile Brasília na Islamabad, wakaona kwamba humo jengo lilimtawala mkazi badala ya kumtumikia. Dodoma ilitakiwa iwe kijiji kikuu katika taifa la vijiji, yaani mji wa majengo yasiyozidi sana kimo cha mtu na mti, wenye vitongoji vilivyotenganishwa na mashamba, na njia zilizofikiriwa kwanza kwa ajili ya waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi.

Swali letu ni hili: je, jamii inaweza kuamua kutoshindana kwa mawe? Na kama inaweza, uamuzi huo hudumu kwa nguvu ya nini? Huenda msomaji akauliza jarida la Kiswahili lina haki gani ya kuingilia uwanja wa wasanifu majengo. Jawabu ni kwamba mnara ni usemi. Hujengwa ili usomwe, na aghalabu husomwa na mtu ambaye mjenzi hakumkusudia.

2.0 Mnara, sanamu na fahari

Tuanze na maneno. Neno *mnara* limetokana na Kiarabu *manāra*, lenye asili ya nuru na moto, na kwa Waarabu lilitumika pia kwa lile jumba la taa la Iskanderia lililowaongoza mabaharia. Katika Kiswahili neno hilo limetanuka. Leo hutaja mnara wa msikiti, mnara wa kanisa, mnara wa simu na mnara wa mashujaa bila tofauti yoyote ya umbo. Kilichobaki katika maana zote ni kuonekana kwa mbali. *Sanamu* lina historia nyingine. Asili yake ni *ṣanam*, kitu kiabudiwacho, na harufu ya kulaumu haijalitoka kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kuomba ajengewe mnara bila haya, lakini akisita kuomba achongewe sanamu.

Kwa mintarafu ya ushindani wenyewe, kitenzi *shinda* kina maana mbili ambazo kamusi huzitenganisha: kumzidi mwingine, na kukaa mahali mchana kutwa. Hatudai kwamba maana hizi zina mzizi mmoja. Hata hivyo, zinatufaa hapa, kwa kuwa mjenzi wa mnara hutafuta zote mbili kwa pamoja. Anataka kumzidi jirani, na anataka kukaa baada ya jirani kuondoka. Mara nyingi hupata la kwanza akakosa la pili.

Jozi nyingine ni *fahari* na *fahali*. La kwanza ni majivuno au utukufu, kutoka *fakhr*. La pili ni ng'ombe dume, kutoka *faḥl*. Ni maneno mawili tofauti kabisa, lakini katika matamshi ya wengi wa bara, ambako l na r hubadilishana, methali isemayo kwamba fahali wawili hawakai zizi moja husikika ikizungumzia fahari mbili. Mwalimu wa sarufi ataita hilo kosa. Mwanafunzi wa miji atatambua kwamba kosa hilo lina ukweli wake.

Kwa ajili ya makala haya, tutasema kwamba ujenzi ni wa kushindana pale ambapo jengo la awali limekuwa kipimo cha jengo la baadaye, hadhira ya majengo yote mawili ni moja, na gharama yake inazidi haja ya matumizi. Sharti la mwisho ndilo gumu zaidi kuthibitisha. Paa la msikiti likiwa pana kwa sababu waumini ni wengi, huo si ushindani. Kuba likiongezwa juu ya paa hilo, mjadala unaanza.

3.0 Misri, na mchezo wa Misri

Misri ya kale ndiyo shule ya somo hili. Snefru alijenga piramidi huko Meidum na mbili huko Dahshur, moja ikapinda ubavuni katikati ya ujenzi. Mwanawe Khufu aliwazidi wote kwa piramidi ya Giza iliyofikia mita 146 hivi. Khafre, mwana wa Khufu, hakuweza au hakutaka kupita kimo hicho. Alichofanya ni kuijenga yake kwenye mwamba ulioinuka zaidi, hata leo mgeni anayezitazama kwa mbali hudhani ya Khafre ndiyo ndefu kuliko zote. Baada yao Menkaure aliridhika na mita 65 hivi. Karne nyingi baadaye ushindani ulihamia kwenye obeliski, ile nguzo ya jiwe moja yenye ncha. Hatshepsut alisimamisha zake huko Karnak, na Thutmose wa Tatu akaja kuzizungushia ukuta. Huko Aswan ingali imelala obeliski yenye urefu wa takribani mita 42 ambayo ilipasuka kabla haijang'olewa mwambani. Hakuna aliyeimaliza wala kuiondoa. Labda ndiyo kumbukumbu ya kweli kuliko zote, kwani inaonyesha mahali tamaa ya kuzidi ilipokutana na ufa wa jiwe.

Ushindani huu umepata maisha mapya katika kompyuta. Mwaka 2003 kampuni ya eGenesis ya Pittsburgh, Marekani, ilianzisha mchezo wa intaneti uitwao A Tale in the Desert, ambamo wachezaji wengi kwa pamoja huishi katika Misri ya kubuni. Mchezo huo hauna vita. Hakuna adui wa kuua. Kuna majaribio ya kupita, na baadhi yake ni ya ujenzi, ambamo mchezaji hupata sifa kwa kusimamisha obeliski inayozizidi za wenzake katika eneo lake. Kwa hiyo kila anayefaulu humwongezea mzigo anayefuata. Jambo lenye maana zaidi kwetu ni mpangilio wa muda. Mchezo huendeshwa kwa awamu ziitwazo hadithi. Hadithi moja ikimalizika, ardhi husafishwa na wote huanza tena kwenye jangwa tupu, bila mnara hata mmoja. Waliobuni mchezo waling'amua kwamba ushindani wa minara usiokuwa na mwisho humfungia mlango mgeni: atakayechelewa kuja atakuta nchi imejaa majina ya watu wengine.

Katika mji halisi ardhi haisafishwi. Hilo ndilo linaloupa mjadala wa Dodoma uzito wake.

4.0 Mwambao kwa ufupi

Waswahili wa mwambao waliujua ushindani huu vizuri. Makaburi ya nguzo ya Kaole, Kunduchi, Malindi na Mambrui, baadhi yake yakiwa yamepambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina, hayakujengwa ili kumsaidia marehemu. Ukoo ulikuwa ukizungumza na koo nyingine. Huko Kilwa, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga mwanzoni mwa karne ya 14 jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane, juu ya jabali linaloitazama bahari. Jumba hilo halikukamilika, na halikukaliwa kwa muda mrefu. Fasihi yetu imelitafakari jambo hili kwa kina pengine kuliko taaluma yoyote: Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaitumia miji ya Pate iliyoanguka kuwa hoja dhidi ya moyo unaojidanganya. Mengi yameandikwa kuhusu utenzi huo na hapa hatuna haja ya kuyarudia.

5.0 Ugogo: nchi isiyoshindana kwa mawe

Uwanda wa kati ni jambo jingine. Nchi imejaa vilima vya mawe ya matale, na mmoja wavyo karibu na mji wa Dodoma huitwa Mlima Simba kwa umbo lake. Mawe si kitu kilichokosekana. Hata hivyo, Wagogo hawakuyapanga kuwa minara. Nyumba yao ya asili, tembe, ni nyumba ya miti na udongo yenye paa tambarare lisilozidi sana kimo cha mtu. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita na misafara, wakiwemo Burton na Stanley, waliziona tembe hizo na hawakuzisifu. Walichokumbuka zaidi ni hongo, kwa kuwa kila mtemi alidai chake kwa maji na chakula vya nchi yake. Katika hongo hiyo watemi walipimana kwa bidii kubwa. Kipimo kilikuwa kitambaa, shanga na waya, vitu vinavyogawika, wala si jengo.

Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alizikusanya habari za watu wake katika kitabu cha *Historia, Mila na Desturi za Wagogo* kilichotoka mwaka 1954. Mtaalamu wa mila Peter Rigby, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1969, alionyesha jinsi makazi ya Wagogo yalivyokuwa yakihama mara kwa mara kufuata malisho na mvua. Katika nchi inayopata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, tena isiyo na uhakika, mtu anayewekeza katika jengo lisilohamishika anacheza kamari mbaya. Fahari ilitunzwa katika mifugo, katika ndoa na katika nyimbo. Mamlaka ya mtemi yalihusishwa na mawe kweli, lakini yalikuwa mawe ya mvua, madogo, yaliyohifadhiwa. Thamani yake haikutegemea kuonekana na mpita njia. Ni vigumu kupata kinyume kamili zaidi cha piramidi.

Isidhaniwe kwamba Wagogo hawakushindana. Vikundi vya ngoma, wakiwemo wanawake wapigao muheme, hupimana hadharani, na mshindi hujulikana na kila aliyekuwapo. Mnyampala mwenyewe aliuhamishia moyo huo katika Kiswahili. Ngonjera alizozieneza kupitia chama cha UKUTA ni ushairi wa watu wawili au zaidi wanaopingana mbele ya hadhira hadi hoja ifike mahali. Kila ubeti hupimwa kwa uliotangulia, hadhira ni moja, na nguvu inayotumika inazidi haja ya kutoa habari. Yaani masharti yetu yote matatu ya ushindani yanatimia, isipokuwa kinachojengwa hakichukui nafasi ya mtu mwingine.

Jina la mji nalo linastahili kutajwa. Dodoma hufasiriwa kutokana na neno la Kigogo *idodomya*, lenye maana ya kuzama. Simulizi moja husema tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akakwama matopeni na kudidimia. Simulizi ya pili ni ya werevu: vijana wa Kigogo waliiba ng'ombe wa majirani zao wa kusini, wakawala, wakabakiza mikia, wenye mali walipokuja kudai, waliikuta mikia imechomekwa wima katika matope, wakaambiwa kwamba ng'ombe wamezama. Simulizi hizi si ushahidi wa kihistoria, na hatuzitumii hivyo. Lakini mtafiti wa minara atafanya vibaya kuupuuza mji ambao kumbukumbu yake ya kwanza ni alama iliyosimamishwa wima ili kuthibitisha kitu kisichokuwapo chini yake.

6.0 Mpango, uhaba na jaribio la kweli

Turudi mwaka 1976. Dhana ya kijiji kikuu ilikuwa na mizizi katika Azimio la Arusha la 1967 na pia katika jambo lililotendeka Dodoma yenyewe. Wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, Rais Nyerere alikwenda kukaa katika kijiji cha Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Picha za tukio hilo zilikuwa aina ya mnara: rais anayeinama, si anayesimama. Mpango wa Toronto ulijaribu kuigeuza picha hiyo kuwa ramani.

Katika miaka hiyohiyo Cote d'Ivoire nayo ilikuwa ikielekea bara. Yamoussoukro, kijiji cha Rais Houphouët-Boigny, kilitangazwa kuwa mji mkuu mwaka 1983, na humo likajengwa kanisa la Bibi Yetu wa Amani ambalo Papa Yohane Paulo wa Pili alilitabaruku tarehe 10 Septemba 1990. Limeigwa kutoka Kanisa la Mtakatifu Petro la Roma. Kuba lake lilipunguzwa kidogo lisilipite lile la Roma, lakini msalaba uliowekwa juu yake ulilifikisha jengo zima mita 158, ilhali la Roma lina mita 136 hivi. Hila ya Khafre imerudi hapa baada ya miaka elfu nne na mia tano: kutii kipimo na kukizidi kwa wakati mmoja.

Ni rahisi kumsifu Nyerere kwa kulinganisha miji hii miwili, na wengi wamefanya hivyo. Sisi tunasita. Kuanzia vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hazina ya Tanzania ilikuwa tupu, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilifanya kazi kwa fedha kidogo sana kuliko mpango ulivyotaka. Mji wenye majengo mafupi kwa sababu ya itikadi na mji wenye majengo mafupi kwa sababu ya ufukara hufanana mno. Isitoshe, katikati ya miaka ya 1980 mchoro mpya wa eneo la kitaifa ulitayarishwa na kampuni ya Conklin Rossant ya New York, na ndani yake taswira ya kitovu cha fahari ilikuwa imekwisha kurudi, angalau kwenye karatasi. Kwa hiyo jaribio la kweli la mpango wa 1976 halikuwa mwaka 1976. Lilisubiri fedha zije.

Wa kwanza kuinua macho ya mji walikuwa waumini, wala si serikali. Kanisa Kuu la Kianglikana lenye kuba na Kanisa Kuu la Kilutheri yako jirani, na jamatkhana ya Waismailia haiko mbali nayo. Mwaka 2010 ulifunguliwa Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa fedha za Libya, wenye uwezo wa kupokea waumini wapatao 3,000. Hatujapata neno la kiongozi yeyote wa dini anayekiri kushindana, na si haki kumwekea mtu nia asiyoitamka. Lakini mpita njia huyasoma majengo hayo kwa pamoja, kama anavyosoma beti za ngonjera, na hilo latosha kuyafanya mazungumzo.

Serikali ilifuata. Ukumbi mpya wa Bunge ulianza kutumika mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007 kikiwa na ukumbi wa Chimwaga uliokuwa wa chama, na mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kwa vitendo. CDA, iliyolalamikiwa kwa muda mrefu na wananchi kuhusu viwanja, ilivunjwa Mei 2017. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018.

Mji wa Serikali wa Mtumba ndio ushahidi bora zaidi tulio nao, kwa sababu ulijengwa kwa awamu mbili zinazosomeka kama sentensi mbili za msemaji mmoja. Ofisi za wizara zilizozinduliwa Aprili 2019 zilikuwa ndogo, za chini, na zilizofanana. Hakuna wizara iliyoweza kuidharau nyingine kwa kuitazama. Hapo roho ya 1976 ilikuwa hai, ama kwa kukusudia ama kwa haraka. Awamu ya pili ilileta majengo ya ghorofa nyingi, kila wizara na sura yake. Sababu za kiofisi zipo, watumishi ni wengi na ofisi za kwanza hazikuwatosha. Lakini wingi wa watumishi hudai vyumba, haudai sura. Tofauti za paa, vioo na lango haziwezi kuelezwa kwa idadi ya meza.

Kilele cha mfululizo huu ni Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Mei 2023. Mtu yeyote aliyewahi kuipita Ikulu ya Dar es Salaam huitambua mara moja: kuta nyeupe, matao, sura ya mwambao. Ikulu hiyo ya Dar es Salaam ilianza kama jumba la gavana wa Kijerumani, ikaharibiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakaijenga upya mwaka 1922 kwa mtindo walioudhani kuwa wa Kiarabu. Mtindo huo, uliobuniwa na watawala wa kigeni ili ufanane na pwani, sasa umepanda kilomita mia nne na zaidi hadi katika nchi ya tembe. Hapa ndipo tunapomwona mshindani halisi wa Dodoma. Hakuwa Brasília wala Yamoussoukro. Alikuwa Dar es Salaam muda wote, na njia iliyochaguliwa ya kumshinda ilikuwa kumnakili.

Wapo watakaoona katika nakala hiyo heshima kwa historia ya dola, na hoja yao si dhaifu: taifa linahitaji kuitambua nyumba yake hata ikihama. Sisi tunaona hasara moja mahususi. Chamwino ndipo palipofyatuliwa matofali ya 1971, na udongo ule, pamoja na umbo la nyumba za watu walioufinyanga, ungeweza kuwa sarufi ya jengo jipya. Mgogo aliyeshiriki kazi ile, au mjukuu wake, akilitazama jengo hilo leo anasoma lugha ya mahali pengine.

Majina ya mitaani yanakwenda na njia yake. Abiria wa daladala za Dodoma hushuka Jamatini. Neno hilo limetokana na jamatkhana ya Waismailia, likapewa kiambishi cha mahali na kuingia katika ngeli za Kiswahili kama sokoni na stendini, na wengi wanaolitamka hawajawahi kuingia katika jengo hilo wala kujiuliza lilijengwa na nani. Konda halitaji kwa fahari. Analitaja kwa sababu ndipo gari linaposimama. Kwa watafiti wa majina ya mahali, uwanja uko wazi: Mtumba, Chamwino na Ihumwa vinajaa majengo mapya kila mwaka, na bado haijajulikana ni lipi kati ya hayo ambalo makonda watalichukua.